Sekunde Sita za Mwalimu Mbugua

Mimi ndimi niliyemfundisha Mwalimu Mbugua kumeza swali. Nalisema hili mwanzo ili mtu asidhani nimekuja kumtupia lawama Debra, ambaye kosa lake lilikuwa kusikiliza kidogo, au Odhiambo, ambaye kosa lake ni kutosikiliza kabisa. Wao wana fungu lao na nitawagawia, maana mimi si mtu wa kusahau. Lakini fungu langu ndilo kubwa.

Kumeza swali ni hivi. Katika kipindi changu cha redio, Kiti cha Mgeni, nakaa na mwandishi au msanii saa nzima, mlango umefungwa, simu zimezimwa, namuuliza habari za maisha yake na kazi yake. Zamani sauti yangu ilikuwa inasikika. Siku hizi mkubwa wetu, Odhiambo, anataka mahojiano yakatwe vipande vidogo vya kutupia mitandaoni, na katika vipande hivyo hataki kunisikia mimi. Anataka mgeni peke yake. Kwa hiyo nalazimika kumfundisha kila mgeni kulirudia swali langu ndani ya jibu lake. Nikikuuliza ulizaliwa wapi, usiseme "Dagoretti". Sema "Nilizaliwa Dagoretti". Hapo umelimeza swali, mimi nafutika, na jibu lako linasimama kwa miguu yake.

Wageni wengi hawawezi. Wanamuziki husahau baada ya dakika mbili. Wanasiasa humeza swali na jibu pia, ukabaki na mate matupu. Lakini Mwalimu Mbugua nilipomweleza, tumekaa kibarazani kwake Dagoretti na mkewe, aitwaye Wangu, anatumiminia chai ya thamosi, alicheka mpaka akavua miwani.

"Jibu kwa sentensi kamili!" alisema. "Mabruka, hiyo ni kazi niliyoifanya miaka thelathini na mmoja. Nimeiandika kwa wino mwekundu kwenye madaftari ya watoto wa watu mpaka vidole vikapinda. Kumbe redio ndiyo kwanza imegundua?"

Nikacheka naye. Nilikunywa vikombe vitatu vya chai siku hiyo, nikajiona mjanja.

Mwalimu aliandika kitabu kimoja tu maishani mwake, Ngozi Mbichi, riwaya ya wachinjaji wa Dagoretti. Kilitoka mwaka 1993, na wanaokijua hadi leo wanakitaja kwa mapenzi. Mle ndani kuna visu vinavyonolewa alfajiri, kuna wanaume wanaogombania maini, kuna uvundo wa ngozi zilizoanikwa mpaka unaziba pua huku unasoma. Tatizo ni kwamba Mwalimu hajawahi kuchinja hata kuku. Yeye ni mtu wa chaki. Mchinjaji alikuwa rafiki yake Isaiah, ambaye homa ya mapafu ilimchukua mwaka mmoja kabla ya kitabu kutoka. Watu wakapiga hesabu yao wenyewe. Mchinjaji kafa, mwalimu katoa kitabu cha uchinjaji. Basi mwalimu kaiba mswada wa marehemu.

Aliyeamini hivyo kuliko wote ni Everlyn, dada yake Isaiah. Siku ya mazishi Mwalimu alikuwa amemwahidi kwamba jina la kaka yake litakuwamo kitabuni. Kitabu kilipotoka Everlyn akakinunua, akafungua ukurasa wa kwanza, akafungua wa mwisho, hakuona kitu. Tangu siku hiyo hakumjibu Mwalimu salamu. Wanasali kanisa moja, wananunua mboga za sukuma kwa mama mmoja, na kwa miaka thelathini na miwili Mwalimu alimwamkia kila Jumapili, "Habari ya asubuhi, Everlyn," naye anampita kama anayepita mlingoti wa nyaya za stima.

Yote haya yangekuwa hadithi ya watu wengine kama si baba yangu. Kitabu hicho kilichapwa River Road, katika matbaa ya baba, Naeem, pale ambapo sasa wanauza vifuniko vya simu. Wachapishaji wakubwa walikuwa wamekikataa. Baba ndiye aliyekipenda. Ramadhani iliyopita, yuko kitandani nyumbani kwetu mtaa wa Jamhuri, miguu imemkatalia, alinishika mkono baada ya kufuturu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata marehemu mama.

"Ule ukurasa wa Isaiah aliniletea," alisema. "Mstari mmoja tu. 'Kwa Isaiah, aliyenipa visu vyote vya kitabu hiki.' Lakini mwanangu, karatasi moja kubwa hutoa kurasa kumi na sita. Kitabu kilikuwa kimetimia kurasa mia na ishirini na nane, karatasi nane barabara, na ule ulikuwa ukurasa wa mia na ishirini na tisa. Nipige karatasi nzima nyingine kwa ajili ya mstari mmoja? Nikauacha. Nikautupa pamoja na vipande."

"Na Everlyn alipokuja kuuliza?"

"Alikuja. Alisimama mbele ya mashine, bado amevaa nyeusi. Nikamwambia ukurasa kama huo sikuletewa."

Baba alilia. Mimi sikulia, nilikasirika, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda, maana utamgombeza vipi mzee asiyeweza kujigeuza kitandani? Nikamuuliza kama Mwalimu alijua. Alijua. Alijua ukurasa umetupwa na alijua uongo alioambiwa Everlyn, akanyamaza miaka yote, kwa sababu Naeem ndiye mtu pekee aliyekubali kumchapia kitabu. Kisha baba akaniapisha nisimtaje kwa watu angali hai.

Ningeweza kwenda Dagoretti kesho yake nikamwambia Everlyn ukweli wote, kiapo na kivunjike. Sikwenda. Aibu ya baba niliiona yangu, nikatafuta njia ya kumsafisha Mwalimu bila kumchafua mzee wangu. Nikajiambia: Mwalimu aseme mwenyewe redioni, kwa kinywa chake. Everlyn asikie kwamba jina la kaka yake liliandikwa, likapotelea matbaani, basi. Kila mtu atoke na nguo nyeupe. Waoga ndivyo tunavyopanga mambo, na huwa tunaona tumepanga vizuri sana.

Mwalimu alinikatalia mara tatu. Alikuwa amewakatalia waandishi wa habari wote tangu zamani. Mara ya nne sikumwomba kitu. Nilimwambia tu kwamba nimepita sokoni na nimeona Everlyn ana redio kibandani kwake, inalia tangu asubuhi.

Akamtazama Wangu. Wangu akatazama kikombe.

"Atasikia?" Mwalimu akaniuliza.

"Atasikia, Mwalimu."

Hiyo ndiyo ahadi niliyompa. Hakuomba kingine.

Alikuja studio Jumanne asubuhi, amevaa suti ya kahawia na tai aliyofungwa na Wangu, maana fundo lilikuwa la mtu aliyezoea kufunga sare za shule. Alipanda ngazi ghorofa sita kwa sababu lifti ilikuwa na hasira zake siku hiyo. Nikampa maji, nikamkalisha, nikamkumbusha: "Meza swali, Mwalimu." Akanijibu, "Nitameza swali, Mabruka," na sote wawili tukacheka. Nusu saa ya kwanza ilikwenda kama maji mferejini. Alisimulia utoto wake, chaki, wanafunzi wake walioishia bungeni na walioishia jela. Kila jibu sentensi kamili, kila sentensi na nukta yake. Huongea polepole, Mwalimu Mbugua, na akimaliza sentensi hungoja kidogo, kama anayewapa watoto wa nyuma nafasi ya kuandika.

Dakika ya thelathini na moja nikamuuliza.

"Mwalimu, miaka yote hii watu wanasema Ngozi Mbichi si kazi yako, kwamba uliuiba mswada wa Isaiah. Je, uliuiba?"

Akajiweka sawa. Akakisogelea kipaza sauti kama nilivyomfundisha.

"Mimi, Mbugua, niliuiba mswada wa rafiki yangu Isaiah."

Akangoja. Moja, mbili, tatu. Nami nilikuwa nashangilia moyoni, kwa kuwa kimya cha namna hiyo redioni ni dhahabu.

"Hiyo ndiyo sentensi yao," akaendelea. "Wameisema miaka thelathini na miwili, na leo nataka kuisahihisha neno kwa neno. Mimi ni Mbugua, hilo ni kweli. Isaiah alikuwa rafiki yangu, hilo ni kweli kuliko yote. Mswada haukuwa wake. Isaiah hakuandika hata ukurasa mmoja, alikuwa anaichukia kalamu kama dawa ya minyoo. Alikaa juu ya kreti la soda nyumbani kwangu, jioni baada ya jioni, akanisimulia, mimi nikaandika. Nikimsomea ananikatiza, 'Mwalimu, ng'ombe hachunwi hivyo, unaanzia mguuni.' Na kuiba, sikuiba. Nilipewa. Jina lake nililiandika kwenye ukurasa wa mwisho. Ukurasa huo ulibaki matbaani. Karatasi ilipungua. Simlaumu mtu."

Aliposema simlaumu mtu alinitazama mimi, binti wa Naeem, kwa macho ya upole ambayo nitayakumbuka nikiwa kaburini.

"Everlyn," akasema, "kama unanisikia, jina la kaka yako nililiandika."

Nililia, nasema wazi. Nilifuta machozi kwa mtandio wangu, nikamaliza kipindi kwa sauti ya mtu mwenye mafua, na nilipotoka nikafanya linalofanywa na kila mtayarishaji pale kituoni. Nikachukua kikaratasi nikamwandikia Debra, msichana wetu wa mitandao, mahali pa kukata. Mwandiko wangu mwenyewe: "Dakika ya 31. Hapa ndipo roho ya kipindi."

Alhamisi mchana nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa nikimnunulia baba vidonge vya presha, simu ikalia. Binamu yangu Rumaisa, kutoka Mombasa, alinitumia kipande. "Huyu si yule mwandishi wa mjomba?" Nikakifungua. Pazia jeusi, maandishi ya manjano: MWALIMU AKIRI. Kisha sauti ya Mwalimu Mbugua, safi, ya karibu, bila mimi: "Mimi, Mbugua, niliuiba mswada wa rafiki yangu Isaiah." Kisha kimya kidogo. Kisha wimbo wa kituo chetu.

Sekunde sita. Nilikisikiliza mara mbili nikiwa nimesimama pale pale, na aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akanipita.

Vidonge sikununua. Nilirudi kituoni, ghorofa sita kwa miguu, nikamkuta Debra anakula chipsi mbele ya kompyuta, uso unameremeta.

"Mabru! Umeona vile imebamba? Watu wanashare mbaya! Hadi magroup za walimu!"

"Debra, ulisikiliza mpaka wapi?"

"Aje?"

"Ulisikiliza mpaka wapi? Hiyo sehemu."

"Si uliandika roho ya kipindi iko hapo thate-wani? Nikaenda hapo, nikapata hiyo line. Nikasikiza mpaka akanyamaza." Akaanza kuona uso wangu. "Nilidhani amemaliza."

Nilimkalisha nikamwekea yaliyofuata. Alipofika kwenye kreti la soda alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, na mafuta ya chipsi yamemganda vidoleni. Kumchukia Debra nimejaribu, sikuweza. Ana vipande kumi na vinne vya kukata kwa siku, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kunyamaza si kumaliza. Mimi niliyejua sikumwandikia.

Odhiambo nimefaulu kumchukia. Nilimkuta ofisini, ameegemea kiti.

"Kitoe, Odhiambo. Sasa hivi."

"Mabruka, relax. Hiyo ni ya kuvutia watu tu. Wakitaka ukweli, si waje Jumapili wasikize yote? Hujawahi pata watu wengi hivi. Shukuru."

"Mmemfanya mwizi."

"Sisi?" Akafungua mikono yake miwili. "Kuna neno tumeongeza? Hiyo si ni sauti yake? Si ni maneno yake, moja kwa moja, hayajaguswa?" Akaniangalia kidogo. "Na si ni wewe ulimfundisha kuongea hivyo?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Kipande kiliondolewa mitandaoni Jumamosi mchana, baada ya mimi kutishia kujiuzulu. Sikujiuzulu, ninalea mgonjwa, na vitisho vya mtu anayelea mgonjwa kila mkubwa anajua vina urefu gani. Kufikia hapo kilikuwa kimeshanakiliwa na kila mwenye simu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, wakadhani wanatuonya. Kumbe ufupi huo ndio unaomfikisha mbele ya wengine wote.

Nilimpigia Mwalimu simu tangu Alhamisi. Haikupokewa.

Jumapili alasiri kipindi kilirushwa, saa nzima, neno kwa neno. Nilikisikiliza nyumbani Jamhuri, kando ya kitanda cha baba, redio ndogo iko juu ya mto wake. Baba hana habari na mitandao. Simu yake ni ile ya vifungo. Alisikiliza amefumba macho. Ilipofika "Karatasi ilipungua, simlaumu mtu," chozi likamshuka hadi sikioni.

"Amenisitiri," akasema. "Alhamdulillahi. Mungu amlipe yule mtu. Na yule dada sasa kasikia. Nitalala vizuri leo, Mabruka."

Nilitaka kumwacha alale. Kweli nilitaka. Lakini hasira niliyoificha tangu Ramadhani ilipata pa kutokea.

"Hakuna aliyesikia, baba. Katika mji huu mzima aliyesikiliza mpaka mwisho ni wewe peke yako."

Nikamweleza yote, na kikaratasi changu. Kipindi kingine kikaanza, mtu anatangaza unga wa ugali.

"Nenda basi," akasema mwishowe. "Kamwambie yule mama nilisema uongo. Kiapo nimekufungulia. Mtaje Naeem, mtaje na mtaa wake."

Jumatatu asubuhi nilikuwa Dagoretti. Everlyn anauza matumbo karibu na machinjio, kibanda cha mabati kilichooshwa vizuri, aproni nyeupe, na ile redio ikilia juu ya rafu. Nilijitambulisha. Nikamwambia mimi ni Mabruka wa Kiti cha Mgeni, na zaidi ya hayo ni binti wa Naeem, mzee aliyechapa kile kitabu.

"Naeem namkumbuka," alisema, anakata bila kuniangalia. "Aliniongelesha poa. Hata maji alinipatia."

"Alikudanganya, mama." Nikamwambia yote: ukurasa, karatasi ya kurasa kumi na sita, mstari wa visu, uongo. Nikamtajia mstari wenyewe neno kwa neno. Kisha nikatoa simu nikamwekea Mwalimu, kutoka swali hadi "jina la kaka yako nililiandika". Alisikiliza. Nampa haki yake, alitua kisu akasikiliza hadi mwisho.

Kisha akapangusa mikono.

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Redio."

"Kazi yenu si ni kukata na kuunganisha? Sasa hii ndefu mmeitengeneza baada ya watu kumwongelelea. Ile fupi ndio alisema akiwa hajajipanga. Mimi si mtoto."

"Mama Everlyn, ile fupi imetoka ndani ya hii."

"Baba yako aliniambia na mdomo wake kwamba hakuletewa kitu. Mbugua amesema na mdomo wake kwamba aliiba. Wenye maneno wote wameshasema. Ni wewe tu unakuja na ingine." Akachukua kisu tena, na sauti yake ikalegea, ikawa karibu na ya furaha. "Na si hata mimi nishamsamehe? Jana kanisani nilimwendea mimi mwenyewe, nikampatia mkono mbele ya watu wote. Nikamwambia, Mwalimu, Mungu akubariki, umetubu kabla hujakufa. Miaka yote hiyo nilikuwa nimebeba hiyo kitu hapa." Akajigonga kifua kwa kiganja chenye unyevu. "Imetoka. Nimelala kama mtoto. Sasa unataka niende nimwambie arudishe mkono wangu?"

Nilinunua matumbo nusu kilo, sijui kwa nini, nikaondoka nayo kwenye mfuko.

Nyumba ya Mwalimu si mbali na hapo. Wangu alinifungulia geti bila kunisalimu, akarudi kwenye kamba yake ya nguo. Mwalimu alikuwa kibarazani, kiti kile kile, thamosi haipo. Hakuna aliyetaja chai. Katika nyumba hiyo nimeona fundi wa bomba akipewa chai, nimeona hata mtu wa kudai kodi ya takataka akipewa.

"Umetoka sokoni," alisema, akiangalia mfuko.

"Nimemweleza, Mwalimu. Ukweli wote, na jina la baba. Nimemwekea kipindi."

Akainama mbele haraka, kwa namna iliyonishtua. "Akasemaje?"

"Hakuamini."

Akaegemea nyuma. Hapo ndipo nilipoona kitu kibaya kuliko vyote nilivyoviona wiki hiyo, kwamba Mwalimu Mbugua alikuwa ameshusha pumzi. Alikuwa ameogopa kwamba nimefaulu.

"Jana alikuja mpaka kwenye benchi letu," alisema. "Nilimwona anatoka upande wake, nikadhani anakwenda kutoa sadaka. Akanyoosha mkono. Mabruka, mkono ule niliungoja miaka thelathini na miwili. Ni wa moto, una kovu hapa kidoleni, Isaiah naye alikuwa na kovu kama hilo. Akasema amenisamehe. Kanisa zima linatazama. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. 'Sikuiba, Everlyn.' Maneno mawili. Nikaona nikiyasema, atauondoa."

Wangu aliacha kubana nguo, akasimama na kibanio mkononi.

"Kwa hiyo niliushika," Mwalimu akasema. "Nikamwambia, 'Asante, Everlyn.' Maisha yangu yote sijawahi kuchukua kitu cha mtu. Jana nimechukua msamaha usio wangu, mbele ya madhabahu, na sitaurudisha. Sasa hata wakisema mimi ni mwizi, siwezi kubisha."

Nilitaka kumwambia bado kuna njia. Nitamleta baba kwa kiti cha magurudumu, nitarekodi kipindi kingine, nitaandika magazetini. Nikayasikia maneno hayo kabla hayajatoka, na nikaona yalivyo: ni yale yale, ni mimi tena na njia zangu. Nikayameza.

Likabaki swali moja. Sikuwa na haki ya kuliuliza, lakini kazi yangu ni kuuliza, na nilishindwa kuondoka nalo.

"Umenisamehe, Mwalimu?"

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. Akajiweka sawa kitini kama alivyojiweka siku ile studio, mgongo wima, uso umesogea mbele kidogo kuelekea mahali ambapo kipaza sauti kingekuwa.

"Mimi, Mbugua, nimekusamehe wewe, Mabruka binti Naeem."

Akanyamaza. Moja, mbili, tatu. Nikangoja aendelee.

"Kata hapo," akasema, akainuka, akaingia ndani.